Kabureta ya Midomo Miwili

Gari la baba lilianza kukohoa wiki zile ambazo ndugu zetu wa Butembo walikuwa wanatuma habari kwamba wanakuja, na kwamba wanakuja wengi. Lilikohoa likipanda, likakohoa likishuka, na asubuhi halikuwaka mpaka baba alibembeleze kwa maneno matamu ambayo mama, akisikiliza kutoka jikoni, alisema yeye hajawahi kuambiwa.

Walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Kwetu sisi Wanande Wakatoliki, jubile kama hiyo si jambo la kukata keki na kwenda kulala. Ni misa, ni kurudia viapo mbele ya padri, ni mbuzi, ni kitenge kimoja kwa ukoo mzima. Kitenge nilikichagua mimi, kwa kuwa ninauza vitenge sokoni Birere, hapa Goma, na mimi ndiye mtoto wa kwanza, tena binti, na shangazi yeyote aliyetaka rangi nyingine nilimkatiza kabla hajamaliza kuitaja. Ndivyo nilivyo. Ninawaka upesi, ninacheka upesi, na nikikipenda kitu sitaki kusikia kasoro zake.

Lakini jubile hii ilikuwa na deni ndani yake, nalo lilijulikana na kila aliyewahi kunywa chai nyumbani kwetu Keshero. Siku ya harusi yao, kule Butembo, baba alikwenda kumchukua mama kwa gari hilo hilo, la Kifaransa, rangi ya maziwa, ambalo wakati ule lilikuwa la mjomba wake mfanyabiashara. Likazimika njiani. Baba akafungua boneti, akaingiza kichwa, akasahau kwamba nyuma yake kuna bibi harusi. Shangazi walingoja, wakachoka, wakamshusha mama, wakamshikia pindo za gauni na kumpeleka kanisani kwa miguu, kwenye matope. Baba alifika baadaye sana, mikono myeusi hadi viwiko. Kwenye picha iliyo ukutani kwetu kuna alama ya dole gumba, nyeusi, juu ya mkono wa gauni jeupe la mama.

Mama huwaonyesha wageni picha hiyo kabla hawajaketi vizuri. "Mi nilitembeaka kwa miguu," huwaambia. "Yeye alibakia na ule bibi yake mwengine, kichwa ndani ya kapo." Kapo ndiyo boneti, na bibi mwingine ni gari.

Basi baba alikuwa amemwahidi, mbele yetu sote, na mkono juu ya kifua: "Mama, mara hii nitakufikisha na gari paka ku mulango ya kanisa." Mama akajibu kwamba ataamini akishauona huo mlango.

Na sasa gari linakohoa.

Fundi wa baba ni mtu mwembamba anayezungumza na injini na kutunyamazia sisi. Alikuja, akachovya kitambaa katika maji ya sabuni, akakikamua juu ya kolekteri, lile bomba la alumini lenye mikono minne linalopokea hewa na esansi, yaani petroli, kutoka kwenye kabureta na kuvigawia vyumba vya injini. Injini ilikuwa inanguruma. Povu likatulia kila mahali, isipokuwa mahali pamoja, pale likanyonywa ndani, fyu, likapotea.

"Munaona?" alisema fundi. "Imepasuka. Inavuta hewa ya wizi. Na karbiratere yenyewe, Muzee, imezeeka kuliko weye. Hizi zote mbili zitoke."

Nilidhani baba atahuzunika. Akaanza kucheka. Alicheka akishika kiuno, akampiga fundi begani. "Kolekteri? Mi niko nayo mupya! Iko ndani ya depo. Nilificha tangu zamani, ndani ya kitambaa. Mulifikiri mi ni mutoto?"

Akaenda depo, yaani chumba kile cha nyuma kinamowekwa kila kitu ambacho hakuna anayethubutu kukitupa. Tulisikia makopo yakianguka. Tulisikia baiskeli ikianguka. Kisha kimya, kisha sauti yake, safari hii ya chini: "Mama? Kulikuwa kitu hapa. Ya alumini. Iko na mikono mine."

Mama alikuwa anakoroga maharagwe. Akaacha kukoroga.

"Ile chuma ya kukunjamana?" aliuliza.

"Ndiyo, ile."

"Ile ya mikono kama mutu anabeba bilauri?"

"Ndiyo, Mama, njo ile. Uliiweka wapi?"

Mama akatazama sufuria. Lilikuwa sufuria kubwa, zito, lenye masikio mawili, lililopika maharagwe ya nyumba yetu tangu wadogo zangu wanasoma shule ya msingi. Nimelisugua kwa majivu mara zisizo na hesabu. Hapo ndipo nilipokumbuka lilivyokuja. Walipita wale mafundi wa Birere wanaoyeyusha alumini ya zamani na kumimina sufuria, wakiita nyumba kwa nyumba. Wewe unawapa chuma chako, wao wanakurudishia chombo. Kila mama wa Goma amewahi kufanya biashara hiyo. Mama alifagia depo, akawapa kilichokuwepo.

"Papa," alisema mama polepole, "miaka yote hii umekuwa unaikula."

Nilikaa chini. Nilicheka mpaka nikalala ubavuni kwenye saruji, na fundi, ambaye sijawahi kumwona akitabasamu, alilazimika kutoka nje. Baba alisimama mlangoni na vumbi la depo kichwani, akilitazama sufuria kama mtu aliyekutana na ndugu aliyepotea. Halafu akachukua kijiko, akaonja maharagwe, akasema chumvi imepungua. Mama akampiga na kitambaa cha vyombo.

Kesho yake tulikwenda Birere, baba, fundi na mimi. Baba alinichukua kwa sababu Birere ni kwangu; ninajua nani anauza na nani anajifanya kuuza. Muuzaji wa vipuri vya okazi, yaani vilivyokwisha kutumika, tuliyemwendea ametundika vitu vyake kwa waya kuanzia mlangoni hadi barabarani, hata ukiingia unainama. Tulimweleza. Akapotea nyuma, akarudi na vitu viwili, akavilaza juu ya gunia.

Cha kwanza kilikuwa kabureta ndogo, ya mdomo mmoja, imefungwa tayari juu ya kolekteri yake. Ilikuwa imechakaa rangi, imekunja uso. Cha pili, jamani. Kolekteri ya alumini iliyong'arishwa, mikono yake minene na laini, na pembeni yake kabureta kubwa ya midomo miwili, vijiti vyake vya shaba vikiwaka kwenye mwanga wa mlangoni.

Fundi aligusa ile ndogo kwa kidole. "Tuchukue hii. Haiombe kitu. Inaingia, inafungwa, munaenda ku misa."

"Na ile ingine?" niliuliza. Nilikuwa nimeshaishika.

"Kolekteri yake inaingia. Lakini karbiratere iko ya gari ingine, tundu zake hazipatane na za kolekteri. Itaomba plaki katikati. Tena iko na midomo mbili. Inakunywa. Na huku kwetu yulu ya milima hewa iko kidogo, esansi itapita mingi, hata tukipunguza."

Yote hayo tuliyasikia. Lakini baba alikuwa amechukua ile kubwa na kuvuta kijiti chake. Mlango mdogo wa mdomo wa kwanza ukafunguka. Halafu wa pili nao ukafunguka, kwa uvivu, nyuma ya mwenzake, kama mume na mke wanaoamka asubuhi ya Jumapili. Nikapiga kelele ya furaha.

"Rudia, Papa."

Akarudia. Wa kwanza, kisha wa pili.

"Lete na mimi."

Nikavuta mimi. Muuzaji, ambaye hakuwa mjinga, alirudi nyuma hatua akatuacha tucheze. "Hii njo inapanda mulima inaimba," alisema, kama anazungumza na ukuta. "Ile ndogo itawafikisha. Lakini mutafika tu."

Baba alinitazama. Macho yake yalikuwa ya kijana wa Butembo aliyeazima gari la mjomba. Nilijua anachokiona, kwa kuwa na mimi nilikiona: gari linapanda mbele ya kanisa bila kukohoa, ukoo mzima umesimama, na mama anashuka mlangoni. Nani angetaka kufika tu?

"Tunachukua hii," nilisema, kabla baba hajafungua mdomo. Fundi aliangalia juu, kwenye vipuri vilivyotundikwa, akapumua. Kubishana bei ndiyo kazi yangu ya kila siku, na siku ile niliifanya vibaya kuliko siku zote, kwa sababu hata muuzaji aliona kwamba mkono wangu hautaki kuiachia. Nilitoka nimeipakata, na wenzangu wa vitenge waliniuliza nimepata mjukuu lini.

Ile plaki, bamba la kuunganisha kabureta na kolekteri, ndiyo iliyotupeleka kwa wayeyushaji wa sufuria. Kwao moto wa makaa unapulizwa mchana kutwa, na sufuria zimepangwa chini kwa ukubwa, za wali hadi za harusi. Fundi alichonga mfano wa plaki kwa ubao, akauweka juu ya kabureta, akaukwangua, akauweka tena. Mkubwa wao aliugeuza mkononi akakubali. Shida yake ilikuwa moja tu.

"Alumini yetu ya leo ni ya makopo, iko laini," alisema. "Kitu ya kufungwa ku moteri inaomba alumini ya moteri. Hamuna kipande nyumbani?"

Baba alinitazama. Nilijifanya ninahesabu sufuria.

Tulirudi nyumbani. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia mama. Mwishowe baba alisimama mlangoni mwa jikoni, kofia mkononi, akasema yote kwa pumzi moja: midomo miwili, tundu zisizopatana, plaki, alumini ya moteri.

Mama alimwacha amalize. Kisha akafunua sufuria, akachungulia. "Acha maharagi iive kwanza," alisema.

Kesho yake alilibeba mwenyewe kichwani hadi kituo cha pikipiki, na Birere alishuka nalo amelikumbatia. Alikataa mtu mwingine kulivunja. Walimpa nyundo. Alilipiga pigo la kwanza kwa woga, la pili kwa kuzoea, na baada ya hapo nilihisi kwamba kuna mambo ya miaka mingi yanamalizwa pale. Wanaume wa pale walishangilia. Alipomaliza alijifuta uso, akamnyooshea baba nyundo.

"Nimetoa sufuria yangu," alisema. "Lakini nikitembea tena kwa miguu, Papa, sitaongea na weye paka ku jubile ya myaka mia."

"Hautatembea."

"Bon."

Vipande vikaingia motoni. Ubao ulikandamizwa katika mchanga mweusi wenye unyevu, ukatolewa, ukaacha umbo lake, na alumini ikamiminwa humo ikiwa nyeupe na kimya. Iliyobaki hawakuitupa, walimmiminia mama kasufuria kadogo, ka chai ya watu wawili. Alikashika njia nzima, kakiwa bado na uvuguvugu.

Siku fundi alipofunga kila kitu, majirani walikuja na viti. Kolekteri ilikaa. Plaki ilikaa juu yake, maharagwe yetu ya miaka yote, baba alisema, na juu kabisa kabureta ya midomo miwili. Fundi akaingiza jikle ndogo kuliko zote alizokuwa nazo, hivyo vitundu vya shaba vinavyopimia injini esansi, akarudi nyuma. Baba akawasha.

Halikukohoa. Liliunguruma chini, sauti nene ambayo sikuwahi kuisikia, nikaisikia miguuni kupitia yale mawe ya volkano tunayojengea nyua zetu. Baba alikanyaga, na ule mdomo wa pili ukafunguka. Kuku wa jirani walipanda ukuta. Mimi niliruka, nikamkumbatia fundi, ambaye hakupenda, nikamkumbatia baba kupitia dirisha. Tulizunguka Keshero sote jioni ile, baba akipiga honi kwa watu asiowajua. Wavulana wa chukudu, na yale magari yao ya mbao ya magurudumu mawili, walishindana na sisi kwenye mteremko wakashindwa, na baba aliwapungia mkono kama askofu.

"Inakunywa," fundi alitukumbusha tuliporudi. Kipimo cha esansi cha gari hilo kilikufa zamani. Baba hupima kwa kijiti. Nilimwambia fundi nitajaza mimi mwenyewe. Na nilijaza. Nilijaza kwa safari ya kutoka nyumbani hadi kanisani, na nyongeza nzuri juu.

Siku yenyewe mama alivaa kitenge changu, glavu nyeupe, na kilemba kilichowachosha shangazi wawili kukifunga. Baba alikuwa na suti na mikono aliyoisugua kwa majivu ya jikoni mpaka ikawa myekundu. Mama alikaa mbele. Mimi nilikaa nyuma na maua. Gari likawaka mara moja, na kwa kuwa kanisa si mbali na kwa kuwa lilipaa namna ile, tulifika mapema mno. Wanakwaya walikuwa bado wanavaa. Mlango, ule mlango wenyewe, ulikuwa umefungwa nusu.

Baba alisimamisha gari mbele yake kabisa. Angeweza kuzima. Ahadi ilikuwa imetimia, mwisho wa habari.

Mama hakushuka. Alikuwa ameweka mkono wenye glavu juu ya dirisha na uso wake ulikuwa na kitu nilichokuwa nimekiona kwa baba tu, Birere, alipovuta kile kijiti.

"Batu habajafika," alisema. "Tuzunguke kidogo."

Tukazunguka. Tukashuka hadi ziwani, tukapanda. Ndugu wa Butembo walikuwa wanatembea kwa makundi, wote kitenge kimoja, wakatuona wakapiga vigelegele. Mama aliwapungia. "Rudia hapo," alisema, "yule dada wangu hakuniona." Tukarudia. Halafu alitaka kupita mbele ya yule jirani wa zamani waliyegombana naye juu ya maji, na ilibidi tupite mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alikuwa ameinama. Halafu alitaka mlima tena, ule tu, asikie mdomo wa pili ukifunguka. "Kanyaga, Papa!" alisema, na baba alikanyaga, na sote watatu tulipiga kelele. Kengele ya misa iligonga. "Ya mwisho," mama alisema. Baada ya hiyo akataka ya mwisho nyingine.

Gari lilizimika kwenye mteremko chini ya kanisa. Halikukohoa hata mara moja. Lilinyamaza tu, likasimama, na tukasikia kwaya imeanza.

Nilijua mara moja, mimi niliyejaza esansi. Baba naye alijua. Hakuna aliyegeuka. Mbele yetu kulikuwa na kipande cha barabara ya mawe, kinapanda, na juu yake mlango, sasa umefunguliwa wazi. Mama alikuwa anatazama mbele, midomo imebana, glavu zimeshikana mapajani. Nilifikiria sufuria. Nilifikiria jubile ya miaka mia.

Mkono wa baba ulikwenda chini ya usukani, kwenye kile kishikio cha kufungulia boneti. Nimeuona mkono huo ukienda hapo maisha yangu yote, njia ya Sake, njia ya Rutshuru, mvuani, juani, na kila ulipokwenda hapo tulijua tumempoteza kwa saa nzima. Ulikishika kishikio. Ukakaa hapo.

Kisha ukaachia. Baba alifungua mlango wake, akashuka, akazunguka kwa mbele ya gari bila kulitazama, akafungua mlango wa mama na kumpa mkono.

Mama aliutazama huo mkono kwa muda. Ulikuwa safi.

"Na kapo?" aliuliza.

"Ikae vile."

"Gari iko katikati ya njia, Papa."

"Nimeona. Kuya."

Akashuka. Walipanda yale mawe polepole, mama ameegemea mkono wa baba, kilemba kimeanza kuinama upande, na kwa nyuma yao pikipiki na chukudu zilikuwa zimeshapanga foleni zikinipigia kelele mimi niondoe hiki kitu. Nilikuwa ninacheka na kulia pamoja hata sikuweza kuwajibu. Mwishowe tulilisukuma pembeni, mimi na shangazi wanne waliochelewa, kitenge kimoja, na ninakiri kwamba tuliingia kanisani viapo vimeshapita.

Sasa kuna picha mbili ukutani kwetu, ya harusi na ya jubile. Mgeni akiingia, mama humwonyesha ile mpya kwanza, na kabla chai haijachemka kwenye kasufuria kake anakuwa ameshaanza: "Hapa njo siku Papa aliacha gari katikati ya njia." Ile ya zamani huifikia akiulizwa tu.